Samaki wetu wapimwa kila siku, mbona majibu hayaturudii?

Asubuhi moja, maji yakiwa yameanza kujaa, nilikuwa nimeketi kwenye banda la BMU katika bandari moja ya wavuvi kusini mwa Mombasa. Vyombo vilikuwa vyaingia kimoja kimoja. Mama karanga walikuwa wamesimama na beseni zao, matajiri na mizani yao. Katikati yao alikuwako kijana mwenye daftari, rula na mizani ndogo. Kila ndoo iliposhushwa aliomba ruhusa, akatoa tafi wachache, akawapima urefu na uzito, kisha akaandika: chombo gani, wavuvi wangapi, mtego gani, muda gani baharini.

Mzee mmoja aliyekuwa akisuka lema pembeni akamuuliza, "Mwanangu, hizi hesabu mwaandika kila siku. Zaenda wapi?"

"Zaenda ofisini, mzee."

"Na huko ofisini zarudi lini?"

Kijana akacheka, nasi sote tukacheka. Lakini swali la mzee halikuwa la mzaha. Nimelibeba tangu siku hiyo, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyoona kwamba ndani yake mna suala zima la jinsi serikali inavyoitumia elimu ya sayansi, na jinsi sisi wa Pwani tunavyonufaika nayo au kuikosa.

Kazi ambayo hatuioni

Wengi wetu tukisikia neno "utafiti" twafikiria watu wa vyuo vikuu wanaotafuta shahada. Lakini kuna utafiti wa aina nyingine, ambao ni huduma kwa umma kama ilivyo hospitali au barabara. Serikali haiwezi kujua peke yake kama samaki wanapungua, kama homa iliyoingia mtaani ni malaria au ni ugonjwa mpya, kama udongo wa uwanja wa shule una sumu, au kama mvua ya vuli itakuwa ya kawaida. Kwa hiyo huanzisha taasisi, huajiri wataalamu na kuwaambia: tupimieni, mtushauri.

Pwani yetu ina bahati ya kuwa na taasisi hizo mlangoni. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, ambayo sote twaiita KMFRI, ilianzishwa 1979 na makao yake makuu yako hapa hapa Mombasa. Ilizaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika 1977, kwani kabla ya hapo utafiti wa bahari ulifanywa kwa pamoja na kituo chake kilikuwa Unguja. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, nayo ilianzishwa 1979, na tangu 1989 ina kituo kikubwa mjini Kilifi kinachoendeshwa kwa ushirikiano na wafadhili wa Uingereza. Ongeza Idara ya Hali ya Hewa pamoja na vipimo vya maji kujaa na kupwa vilivyowekwa Mombasa na Lamu, na utaona kwamba kuna macho mengi yanayoitazama Pwani usiku na mchana.

Macho hayo yanalipiwa na kodi yetu, na mara nyingi na misaada inayotafutwa kwa jina letu. Hoja yangu leo ni moja. Huduma hii ina wateja wawili, serikali na wananchi. Mteja wa kwanza anahudumiwa. Mteja wa pili, ambaye ndiye mwenye samaki, mwenye damu na mwenye udongo unaopimwa, mara nyingi huachwa nje ya mlango.

Homa ya Lamu

Tuanze na mfano unaoonyesha thamani ya kazi hii. Mwaka 2004 watu wa Lamu waliugua kwa wingi. Homa kali, viungo kuuma hadi mtu hawezi kushika kikombe, wengine wakitembea wameinama. Wengi walidhani ni malaria, wakameza dawa za malaria, zisifae kitu.

Damu ilipopelekwa maabara ikagunduliwa kuwa ni chikungunya. Jina lenyewe si geni kwetu, kwani limetoka katika lugha ya Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza 1952. Mnamo Oktoba 2004 watafiti walirudi kisiwani kupima damu za watu waliochaguliwa kwa sampuli. Walikuta kwamba robo tatu yao walikuwa wameshaambukizwa. Kwa hesabu yao, watu zaidi ya elfu 13 katika kisiwa cha watu kama elfu 18 walikuwa wamepitiwa na ugonjwa ule. Baadaye ukaingia Mombasa, ukavuka kwenda Komoro, ukafika visiwa vingine vya Bahari ya Hindi na hatimaye India.

Bila maabara ile, Lamu ingeendelea kutibiwa malaria. Na watafiti hawakuishia kutaja jina la ugonjwa. Waliuhusisha mlipuko huo na ukame, kwa sababu maji yalipokuwa haba watu waliyahifadhi majumbani, na vyombo visivyofunikwa vikawa mazalio ya mbu.

Hapa ndipo ninapowakumbuka wazee wa Lamu. Katika nyumba za kale za mawe, birika la maji lilikuwa likiwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Hakuna aliyewafundisha kwenye semina. Maabara na birika vilikuwa vyasema neno moja kwa lugha mbili. Lakini kama matokeo ya maabara yangebaki katika jarida la Kiingereza, na hekima ya birika ikabaki katika kumbukumbu ya wazee, mbu wangeendelea kuzaana kati ya hizo mbili.

Ghuba ya Ungwana: elimu ikiwa mwamuzi

Mfano wa pili ni wa bahari. Kwa miaka mingi wavuvi wadogo wa Malindi na wa mdomo wa Mto Tana waligombana na meli za kukokota nyavu zilizokuwa zikivua kamba katika Ghuba ya Ungwana. Wavuvi walilalamika kwamba meli zasogea karibu na pwani, zakata nyavu zao na kutupa baharini samaki wengi wasiotakiwa na wenye meli. Wenye meli nao walisema wana leseni. Kila upande ulikuwa na kelele yake.

Mwaka 2006 uvuvi huo wa meli ulisimamishwa. Kazi ya watafiti ikawa ni kujibu maswali ambayo kelele haiwezi kuyajibu: kamba huzaana lini, wadogo hukulia wapi, na meli zikivua umbali gani ndipo madhara hupungua. Majibu yakaingia katika mpango wa usimamizi wa uvuvi wa kamba wa 2010. Meli ziliporuhusiwa tena 2011 zilikuta masharti: zikae mbali na ufuo, si chini ya maili 3 za baharini, na msimu ufungwe kuanzia Novemba hadi Machi.

Mtu anaweza kusema masharti hayo hayatoshi, au kwamba hayasimamiwi inavyopaswa. Huo ni mjadala halali. Wapo pia wanaokumbusha kwamba sheria ya awali ilitaja maili 5, na wanauliza kwa nini zikawa 3. Lakini tazama tofauti. Mjadala wa namna hiyo ni wa mtu aliyeshika kipimo mkononi, anayeweza kumuuliza mkubwa: umeipunguza kwa ushahidi gani? Mvuvi aliye na ripoti huenda mkutanoni kujadiliana, na asiye nayo huenda kulalamika tu. Na sote twajua malalamiko ya mvuvi huishia wapi.

Utabiri ukigongana na siasa

Kuna huduma nyingine ambayo kuchelewa kwake ni kifo, nayo ni tahadhari. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko lilipoipiga Sumatra, ilikuwa alfajiri kwetu. Mawimbi ya tsunami yalichukua muda wa takriban saa tisa kuvuka bahari hadi pwani ya Kenya. Wakati huo Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wake wa tahadhari. Sisi tulinusurika kwa sababu habari zilikuwa zimeshatangazwa duniani, polisi wakawaondoa watu ufukweni, na maji yalikuwa yamekupwa. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Somalia, majirani zetu, walipoteza karibu watu 300.

Baada ya msiba huo nchi za Bahari ya Hindi zilijenga mfumo wa pamoja. Leo vipimo vya maji vya nchi nyingi huungana, na Idara ya Hali ya Hewa ndiyo inayopokea tahadhari kwa niaba ya Kenya. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mfumo una maili ya mwisho, ile ya kutoka Nairobi hadi kwenye mashua iliyo nje ya mwamba, na maili hiyo haina mashine. Ina watu, simu, redio za jamii na uaminifu.

Uaminifu huo ulitikisika 2023. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetabiri mvua kubwa za El Niño. Mnamo Oktoba, Rais akawaambia Wakenya kwamba El Niño iliyotabiriwa haitakuwako, na kwamba mvua hazitafikia kiwango cha kuharibu. Idara ikashikilia utabiri wake. Mwananchi wa kawaida akabaki njia panda: amwamini nani? Novemba ikafika na mafuriko. Tana River, Kilifi, Kwale na Mombasa zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika, na nchini kote watu zaidi ya 100 walipoteza maisha kabla ya mwaka kwisha.

Sisemi haya ili kumsuta mtu. Utabiri ni utabiri, waweza kukosea, na wataalamu wenyewe hutoa kwa lugha ya uwezekano. Lakini ndiyo sababu ya kutaka mwananchi aupate kutoka kwa aliyepima, kwa lugha anayoielewa, kabla haujapitia kwenye jukwaa la siasa. Mwanasiasa ana haja ya kutuliza watu. Mpimaji ana haja ya kusema alichokiona. Hizo ni kazi mbili, na haifai moja imeze nyingine.

Owino Uhuru: kipimo kilichochelewa

Mfano unaouma zaidi uko hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifunguliwa karibu na mtaa wa Owino Uhuru, na kwa miaka kadhaa moshi na maji yake machafu yaliingia majumbani. Watoto waliugua. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe ana madini ya risasi mwilini. Ni yeye na majirani zake waliozunguka ofisi baada ya ofisi wakitafuta watu wa kupima damu na udongo, na wa kukubali kuyasoma majibu. Kiwanda kilifungwa 2014.

Utafiti uliofanywa baadaye ulilinganisha watoto wa Owino Uhuru na wale wa mtaa wa Bangladesh ulio jirani. Wastani wa risasi katika damu za watoto wa Owino Uhuru ulikuwa mara mbili ya wenzao. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikazikuta na hatia taasisi za serikali pamoja na kampuni husika. Kesi ikapanda ngazi za rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo.

Angalia mpangilio wa mambo. Sayansi ndiyo iliyoshinda kesi. Bila vipimo vya damu na udongo, mawakili wangekuwa na machozi tu ya kuonyesha. Lakini sayansi hiyo haikufika kwa sababu mfumo ulikuwa macho. Ilifika kwa sababu mama mmoja alikataa kunyamaza. Swali linalofaa kuulizwa na kila kaunti ya Pwani ni hili: kuna viwanda vingapi, majaa mangapi na machimbo mangapi leo ambayo yanapimwa, na majibu yake yamebandikwa wapi ili mama wa jirani ayasome? Kipimo cha bure kinachofanywa mapema ni rahisi kuliko fidia ya mabilioni inayosubiriwa miaka kumi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Gazi: kipimo kilichorudi nyumbani

Ili nisionekane mtu wa kulaumu tu, twende Kwale, kijiji cha Gazi. Watafiti wa KMFRI wamekuwa wakifanya kazi katika mikoko ya Gazi kwa miongo kadhaa: wakihesabu miti, wakipanda iliyokatwa, wakipima kaboni kiasi gani imefungwa kwenye matope. Hadi hapo ni utafiti kama mwingine, ungeweza kuishia maktaba.

Lakini 2013 ulizinduliwa mradi wa Mikoko Pamoja, unaosimamiwa na wenyeji wa Gazi na Makongeni. Hekta 117 za mikoko zalindwa, hesabu ya kaboni inayohifadhiwa yathibitishwa, na kiasi hicho chauzwa kwa wanunuzi wa nje. Fedha zinazopatikana huamuliwa na jamii yenyewe, na zimetumika kwa maji na kwa shule. Wataalamu wa dunia huutaja kuwa miongoni mwa miradi ya kwanza kabisa ya jamii kuuza kaboni ya mikoko, na ndugu zao wa Vanga walifuata nyayo.

Kilichobadilika Gazi si ubora wa sayansi. Vipimo ni vile vile. Kilichobadilika ni kwamba mwenyeji alijua namba, akajua maana yake, na akakaa mezani wakati wa kuamua. Mtu wa Gazi akiulizwa leo kwa nini mkoko usikatwe, ana sababu ya babu yake na sababu ya daftari, na zote mbili ni zake.

Kwa nini majibu hayarudi

Sasa turudi kwa mzee wa lema. Kwa nini Gazi iwe mfano wa pekee badala ya kuwa kawaida?

Sababu ya kwanza ni anayelipa. Taasisi huripoti kwa wizara, kwa kuwa wizara ndiyo inayotoa bajeti. Mtafiti hupimwa kwa ripoti aliyokabidhi na makala aliyochapisha katika majarida ya nje. Hakuna anayepandishwa cheo kwa kuketi na wanakamati wa BMU saa mbili akiwaeleza mwenendo wa tafi. Na pale bajeti ya serikali isipotosha, mfadhili huingia. Hata meli kubwa ya utafiti tuliyo nayo, Mtafiti, ni zawadi kutoka Ubelgiji. Twashukuru. Ila mfadhili huja na maswali yake, na swali la mama karanga, "mbona tafi wa mwaka huu ni wadogo?", huenda lisiwe kwenye orodha.

Sababu ya pili ni lugha. Katiba yetu, katika kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini ripoti nyingi za kitaalamu huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha watu wa fani. Zikiwekwa kwenye tovuti huhesabiwa kuwa "zimetolewa kwa umma". Umma upi? Mvuvi anayejua hesabu ya bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, ana akili ya kutosha kuelewa mchoro unaopanda na kushuka. Tatizo haliko kichwani mwake.

Sababu ya tatu ni hofu ya wakubwa. Namba zikitoka, mtu atauliza. Ikijulikana kwamba samaki wa eneo fulani wamepungua, ataulizwa aliyetoa leseni. Ikijulikana kwamba maji ya mtaa fulani ni machafu, ataulizwa aliyeidhinisha ujenzi. Kukaa kimya ni raha kwa mwenye ofisi, na gharama yake hulipwa na wengine.

Na sababu ya nne, tuseme ukweli, iko kwetu. Sote twajua mvuvi anayemwambia mpimaji kilo 10 ilhali amevua 30, kwa kuogopa ushuru au kwa kutotaka wenzake wajue alikovua. Hesabu ya uongo ikiingia, ushauri wa uongo hutoka. Serikali ikija kusema samaki wameisha na msimu ufungwe, tusishangae, sisi ndio tulioandikisha kwamba hawapo. Kadhalika fidia: wavuvi wa Lamu walipoishtaki serikali kuhusu madhara ya bandari mpya, mwaka 2018 mahakama iliwapa shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Siku kama hiyo, mwenye rekodi ya miaka ya mavuno yake ana cha kushika. Asiye nayo hutegemea makadirio ya mtu mwingine.

Tunachoweza kudai, na namna ya kudai

Wapo watakaosema kwamba taarifa za kitaalamu zikiachiwa ovyo zitaleta taharuki. Kuna chembe ya ukweli. Majina ya wagonjwa hayapaswi kutoka, wala hakuna mvuvi atakayefurahi kuona mwamba wake wa siri kwenye ramani ya umma. Lakini kati ya siri ya mtu mmoja na wastani wa bandari nzima kuna nafasi kubwa. Twadai wastani, mwenendo na onyo.

Na sheria iko upande wetu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza jinsi: ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika husaidiwa na afisa kuliandika. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na kama suala lahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Wakikataa au wakinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala, ile ijulikanayo kama ofisi ya Ombudsman. Huhitaji wakili. Wahitaji karatasi, kalamu na subira.

Napendekeza mambo manne, yote ya bei nafuu.

Kwanza, kila BMU iandike barua moja mwaka huu kuomba muhtasari wa takwimu zilizokusanywa katika bandari yake kwa miaka mitano iliyopita, kwa Kiswahili. Sio malalamiko, ni ombi la kisheria. BMU moja ikiandika, barua yaweza kupotea. Zikiandika 30, itabidi pawe na utaratibu.

Pili, wawakilishi wa wadi katika mabunge ya kaunti zote za Pwani wadai kwamba pesa yoyote ya kaunti inayoingia katika utafiti iwe na sharti: mkutano wa kurudisha majibu kwa waliopimwa, kabla au baada ya ripoti kwenda wizarani. Uvuvi umegatuliwa. Kaunti haiwezi kujifanya mgeni katika takwimu za samaki wake.

Tatu, taasisi zetu zitenge mtu wa kazi hiyo. Vijana wa Pwani waliosoma sayansi ya bahari na afya wako wengi mitaani bila ajira, nao wajua Kiingereza cha ripoti na Kiswahili cha bandarini. Ubao mmoja kwenye banda la BMU, unaobadilishwa kila msimu na kuonyesha tafi, pweza na kamba wanaendaje, hauhitaji mfadhili wa ng'ambo.

Nne, sisi wenyewe tuseme kweli mbele ya mizani. Tukitaka daftari lirudi na majibu sahihi, liende na hesabu sahihi.

Sitaki msomaji afikiri kwamba wataalamu ni maadui. Nimezungumza na baadhi yao kwa miaka mingi, na wengi wangependa kazi yao ifike ufukweni. Wanabanwa na bajeti, na taratibu, na wakubwa wanaopenda ripoti itue mezani kwao kwanza. Tukidai taarifa, twawasaidia wao pia, kwa sababu mtaalamu mwenye wananchi nyuma yake si rahisi kunyamazishwa.

Nilirudi kwenye banda lile miezi michache baadaye. Mzee alikuwa pale pale, na lema jingine mkononi. Kijana wa daftari naye alikuwapo, amepiga magoti mchangani na rula yake. Safari hii mzee hakumuuliza kitu. Alinigeukia mimi akasema, "Wewe mwenye kuandika, niandikie ile barua. Mimi nitatia kidole."

Tumeiandika. Siku 21 zimeanza kuhesabiwa.